Pikapu ya kuvuta kilo 3,500 inatosha kwa tela la kulala la kilo 2,200?

Nyati_Mwekundu:
Wakuu, habari zenu. Natafuta pikapu ya dizeli ya milango minne, ya kuvuta tela la kulala lenye ekseli mbili. Kibandiko cha tela kinasema likiwa tupu ni kilo 2,200, na kikomo chake likiwa na mzigo ni kilo 2,800. Pikapu niliyoipenda imeandikwa inavuta hadi kilo 3,500. Muuzaji anasema hata tela likijaa nitabaki na akiba ya kilo 700, nisiwe na wasiwasi. Tutakuwa watu wanne, na vifaa vya kambi kwenye bodi. Hesabu yake iko sawa? Na nifunge nini kabla ya safari ya kwanza?

Fundi_Chesisi:
Mkuu, namba zake ni sahihi ila kaangalia upande mmoja tu. Hizo kilo 3,500 ni za kuvuta. Pikapu za aina hiyo mara nyingi huishiwa uwezo wa kubeba mgongoni kabla hazijaishiwa uwezo wa kuvuta.

Fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Utakuta uzito wa mwisho wa gari na uzito wa mwisho wa kila ekseli. Kwenye kitabu cha gari utakuta namba nyingine mbili: uzito wa mwisho wa gari na tela kwa pamoja, na uzito wa mwisho unaoruhusiwa kushuka kwenye boli la kuungia, yaani ile tufe ya chuma nyuma ya gari ambayo pua ya tela hukaa juu yake. Ukivuka namba mojawapo, umezidisha, hata kama zile nyingine bado zina nafasi.

Tupige hesabu kwa mfano. Tela ni kilo 2,200 tupu. Ongeza lita 150 za maji, ambazo ni kilo 150. Mitungi ya gesi, betri ya ziada, vyombo, matandiko, chakula na viti, weka kilo 350. Umefika 2,700. Tela lililopangwa vizuri hushusha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye boli. Tukichukua 12, ni kilo 324, na hizo zote ni mzigo wa pikapu, sawasawa na ungezipakia kwenye bodi.

Sasa tuseme pikapu inaruhusiwa kubeba kilo 850. Watu wanne kilo 300, kiungio cha kugawa uzito (kinachorudisha sehemu ya mzigo wa tela mbele ya gari) 40, kifuniko cha bodi na bampa ya chuma 90, vifaa vya kambi 100. Jumla 530. Ongeza zile 324, unapata 854. Umeshavuka, na tela lenyewe bado liko kilo 800 chini ya namba aliyokuonyesha muuzaji.

Angalia pia uzito wa pamoja. Gari lenye kikomo cha kilo 5,850 kwa gari na tela, likivuta 3,500, lenyewe halitakiwi kuzidi 2,350. Hapo ni gari karibu tupu na dereva wake. Likiwa limejaa hadi 3,050, linabakiwa na 2,800 tu za tela.

Kwa hiyo ukienda kununua, acha matangazo, piga picha kibandiko cha gari lenyewe. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kupishana uwezo wa kubeba kwa sababu ya viti, rimu na vikorokoro vilivyofungwa kiwandani.

Mama_Ekseli:
Niongezee kwa Fundi, maana hapa ndipo springi za nyuma zinapokatikia na chesisi kupinda.

Boli liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo linafanya kazi ya mtaimbo. Chukua gari lenye mita 3.2 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na boli likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli. Kilo 324 zikishuka kwenye boli, ekseli ya nyuma inaongezewa takriban 445, na ya mbele inapunguziwa kama 121. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopiga kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakipungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu, na breki zinashika vibaya barabara ikiwa na maji.

Kazi ya kiungio cha kugawa uzito, kile chenye fito mbili za springi, ni kurudisha sehemu ya uzito mbele. Kukifunga:

1. Egesha gari na tela kwenye sakafu tambarare, mkiwa mmeshapakia kila kitu. Kabla ya kuunga, pima kutoka chini hadi ukingo wa juu wa tao la gurudumu la mbele. Tuseme milimita 900.
2. Unga tela bila fito, pima tena. Tuseme pua imenyanyuka hadi 925.
3. Funga fito, kaza hatua kwa hatua, ukipima kila mara. Watengenezaji wengi wa magari wanataka urudishe angalau nusu ya ulichopoteza, yaani karibu 912. Kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata.
4. Ukitaka kupandisha au kushusha fito, inua kwa jeki ya tela pamoja na mkia wa gari ili fito zilegee. Ukilazimisha kwa wenzo, fito inaweza kuchomoka na kuvunja mguu.

Si kila pikapu inaruhusiwa kufungwa kiungio hiki, na vingi havipatani na tela lenye breki za kusukumwa, zile zinazoshika pale tela linapolisukuma gari. Soma kwanza, nunua baadaye.

Nyati_Mwekundu:
Asanteni sana. Je, nikiweka mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma si nitaongeza uwezo wa kubeba? Na breki za tela ni za umeme, nazirekebishaje?

Fundi_Chesisi:
Hapana mkuu. Mifuko ya hewa inanyanyua mkia gari likae sawa kwa macho, lakini ekseli, beringi, breki na chesisi ni zilezile za kiwandani. Wala hairudishi uzito mbele. Gari linaonekana limetulia huku ekseli ya nyuma imezidiwa.

Breki za umeme zinahitaji kidhibiti ndani ya gari na soketi ya pini 7 nyuma. Chagua kidhibiti kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kugawa umeme kwa kadiri hiyo. Vile vya bei rahisi vinavyotoa umeme kwa kuhesabu sekunde hukawia unapofunga breki ghafla, na vinachelewa kuachia ukienda polepole.

Kurekebisha: tafuta barabara kavu, tambarare, isiyo na magari. Nenda kilomita 40 kwa saa, kisha bana kitufe cha mkono cha kidhibiti mpaka mwisho bila kugusa pedali. Magurudumu ya tela yakifunga na kuburuza, punguza nguvu. Breki za tela zikishika kwa uvivu, ongeza. Unataka liishie kidogo tu kabla ya kuburuza. Rudia mzigo ukibadilika, na ukiingia kwenye changarawe punguza tena.

Waya wa dharura, ule unaofunga breki za tela likichomoka, ufunge kwenye chesisi ya gari. Usiufunge kwenye minyororo wala kwenye kipande cha kiungio kinachotoka, kwa sababu kikitoka, waya unakwenda nacho na breki hazifungi. Minyororo ipishanishe chini ya shingo ya tela ili ikidondoka iangukie juu yake. Na baada ya kufunga komeo la boli, inua pua ya tela kwa jeki: mkia wa pikapu ukipanda nayo, limeshika. Mkia usipopanda, usiondoke hapo.

Msafiri_wa_Mizani:
Hesabu za mezani zithibitishe kwenye mizani ya malori. Pima mara tatu, mzigo wote na watu wakiwemo. Kwanza pikapu peke yake. Pili, tela likiwa limeungwa bila fito, magurudumu ya pikapu tu yakiwa juu ya mizani: toa kipimo cha kwanza, umepata uzito ulioshuka kwenye boli. Tatu, kila kitu kikiwa juu, fito zimekazwa, na kama mizani inaruhusu soma kila ekseli peke yake.

Ikiwa boli linapata chini ya asilimia 10, usitoke. Tela lenye mkia mzito ndilo linaloanza kuyumba lori likikupita au upepo ukipiga ubavuni. Sogeza vizito mbele ya ekseli za tela, na uangalie tenki la maji liko wapi, kwa sababu likiwa nyuma, kulijaza kunapunguza uzito wa boli. Usifunge baiskeli na jenereta kwenye bampa ya nyuma.

Likianza kuyumba: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima bila kufukuzana nalo, bana breki za tela pekee kwa mkono. Usikanyage breki za gari kwa nguvu na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha.

Mwendo nao ni mzigo. Tela la kulala ni ukuta, na nguvu ya kusukuma upepo inapanda kwa mchemraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, injini inahitaji karibu mara mbili ya nguvu iliyokuwa inapigana na upepo. Giaboksi ya otomatiki inapashwa moto hapohapo, hasa ikiwa inapanda na kushuka gia kila baada ya mlima mdogo. Tumia hali ya kuvuta kama ipo, na mteremkoni ingia gia ya chini kabla hujaanza kushuka, breki uziguse kwa vipindi vifupi vya nguvu badala ya kuzikanyaga mfululizo.

Mama_Ekseli:
Matairi ya tela msiyasahau. Namba nne za mwisho za tarehe kwenye ubavu, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela hukaa muda mrefu bila kutembea, kwa hiyo matairi huzeeka kwa jua kabla ya kuisha kashata. Jaza upepo yakiwa baridi kwa kiwango cha kibandiko cha tela. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka, na likipasuka hurarua tao na mabomba yaliyo juu yake.

Ukifunga gurudumu, kaza nati kwa spana ya kupimia, kisha zikaze tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Kila ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, beringi inakufa au breki ya upande huo haiachii, na hapo unafungua kabla ya kuendelea.