South Carolina 1876: kati ya Hayes na Tilden, nani alibebwa?

Wakuu, jana nimebishana na rafiki yangu mpaka chai ikapoa, nikaona nilete humu. Yeye anashikilia kwamba Rutherford Hayes alibebwa South Carolina katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1876. Mimi nasema kura zilizoibwa zilikuwa za Hayes.

Hayes wa Republican alipewa kura 91,870, Samuel Tilden wa Democratic 90,981. Tofauti 889. Siku hiyo hiyo, kwa hesabu ya Democratic, Wade Hampton wao akachukua ugavana kwa kura 1,134 zaidi. Jamaa kang'ang'ania hapo: iweje jimbo moja litoe rais wa chama hiki na gavana wa chama kile? Kwangu si ajabu. Watu elfu moja tu wakigawa kura zao, umeshafika.

Ajabu iko kwingine. Weusi walikuwa wengi kuliko wazungu jimboni, na karibu wote walikuwa Republican. Iweje Hayes ashinde kwa 889 tu? Mwezi Julai, pale Hamburg, mji wa humo humo jimboni, weusi sita waliuawa, wengi wao wakiwa wameshakamatwa. Kampeni nzima Mashati Mekundu, wazungu wenye silaha waliomuunga mkono Hampton, walivamia mikutano ya Republican na farasi na bunduki. Na wilaya ya Edgefield? Kura zilizidi wanaume wenye haki ya kupiga kura! Hizo ndizo kura za Tilden.

*

Mkuu, umeona upande mmoja. Waliojumlisha kura jimboni walikuwa Republican. Askari wa serikali kuu walikuwepo. Mgogoro ulipofika Washington, tume ya watu 15 ikaamua 8 kwa 7, kila mtu na chama chake. Refa na washika vibendera wote timu moja, halafu unaniambia mechi ilikuwa safi?

*

Safi sijasema. Tume siitetei hata kidogo. Ila waliojumlisha walikuta matokeo yameshachafuliwa, na bunduki za Edgefield hazikuwa zao.

*

Nyie mnahesabu kura za Novemba tu. Kwa sababu ya kubishania kura za Edgefield hiyo hiyo na wilaya ya Laurens, Columbia, mji mkuu wa jimbo, ilipata mabunge mawili, na kwa siku nne spika wawili walikaa ukumbi mmoja, kila mmoja akiendesha kikao chake! Tena Hayes alipoingia madarakani, Aprili 10, 1877 askari wakaondolewa jengo la serikali ya jimbo, na gavana Chamberlain wa Republican, aliyekuwa akigombania ugavana na Hampton, akaachia ofisi kesho yake. Kama Hayes aliamini kura za weusi zilimpa ushindi wa haki, mbona aliwaacha mikononi mwa Hampton?

*

Dada, hapo umenibana. Ila kuwatupa Aprili hakufuti kura walizompa Novemba, tena wakijua yaliyotokea Hamburg. Anayesema Tilden alishinda aje, lakini aanze kwa kunipigia hesabu ya Edgefield.