Mifumo ya serikali inasomana kwa miguu yangu na bahasha ya kaki

Wakuu, habari za usiku huu.

Naandika nimekaa juu ya kiroba cha mchele hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini. Majirani wote wameshafunga vibanda na miguu yangu imejaa kama andazi. Sitataja ofisi wala jina la mtu, maana kijana wetu bado hajapata anachokitafuta na najua nyuzi za humu zinasomwa na wengi. Ila nisipoandika leo nitapasuka.

Kaka yangu alifariki 2014, nyumbani kijijini, upande wa Momba. Aliacha watoto wawili. Mkubwa ni wa 2006, mwaka huu kamaliza kidato cha sita na kafaulu, anaomba mkopo wa chuo. Wifi yuko kijijini na simu yake ya kitochi, kwa hiyo makaratasi yote nimeyabeba mimi shangazi mtu, kwa kuwa ndiye niliye mjini. Bodi ya Mikopo inamtaka yatima aambatishe cheti cha kifo cha mzazi, na cheti hicho kihakikiwe na RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo. Hapo sina ugomvi kabisa. Wapo watu wanaowazika wazazi wao kwenye fomu na wazazi wenyewe wako shambani wanapalilia.

Tatizo ni kwamba kaka hana cheti cha kifo. Na msinicheke. Sheria inasema kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Siku 30 za msiba kijijini unajua zilivyo? Unaanua tanga, unalipa deni la jeneza, unagombana na ndugu kuhusu ng'ombe wawili, halafu mvua zimeshaanza na shamba halijalimwa. Nani atakumbuka cheti? Tulizika, tukalia, tukarudi kwenye mahindi.

Basi nikaanza kuhangaikia usajili uliochelewa. Nikaambiwa kianzio ni barua ya mtendaji wa kijiji. Nikafunga kibanda, nikapanda Kosta ya Tunduma. Wanaoijua hiyo barabara wanajua habari ya malori: yakishajipanga kuelekea mpakani, hata dereva anazima injini na kwenda kununua karanga. Nilifika saa nane mchana. Mtendaji yuko kikao cha kata. Nikalala kwa wifi.

Kesho yake nikampata. Kijana mzuri, hana baya, ila alihamia mwaka juzi, kaka hakumjua. Akamwita mwenyekiti wa kitongoji, mzee ambaye siku ile alishika jembe kwenye kuchimba kaburi. Mzee akataja tarehe, akasema mvua ilikuwa inanyesha, akakumbusha hata kwamba jeneza liligoma kupita mlangoni ikabidi tung'oe fremu. Mtendaji akaandika mistari minne kwa mkono. Akafungua droo, akatoa mhuri. Kidau cha wino kimekauka, kinapasuka kama tope la kiangazi. Akauinua mhuri mdomoni, akauhemea, haaa, haaa, kama mtu anayesafisha miwani, kisha akaugonga kwa nguvu zake zote. Ukatoka nusu. Neno MTENDAJI linasomeka, jina la kijiji unalikisia.

Wifi naye akanipa hazina yake: kibali cha mazishi cha 2014, alikuwa amekitunza ndani ya Biblia miaka yote hiyo. Kimeandikwa "Wilaya ya Momba, Mkoa wa Mbeya". Nikakibusu. Sikujua ndicho kitakachoniua.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mliokulia mikoa iliyogawanywa. Kijiji chetu mwaka 2006, kijana alipozaliwa, kilikuwa Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 Momba ikakatwa kutoka Mbozi, tukawa Momba, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 Songwe ikawa mkoa, tukawa Momba, Mkoa wa Songwe. Watu wa Makete na Ludewa mnanielewa, nanyi mlilala Iringa mkaamka Njombe mwaka huohuo wa 2012. Kijiji hakijasogea hata hatua moja. Mwembe uleule, kisima kilekile. Lakini kadi ya kliniki ya kijana inasema Mbozi, Mbeya; kibali cha mazishi ya baba yake kinasema Momba, Mbeya; na cheti chake cha kuzaliwa, kilichotolewa 2019 alipokuwa anaingia sekondari, kinasema Momba, Songwe. Ukizitandaza hizo karatasi tatu mezani utadhani hii familia ni ya wahamaji.

Ofisi ya kwanza. Dada wa dirishani akasoma kibali, akaurudisha mkono wake kama ameshika kaa la moto. "Mama, hapa pameandikwa Mkoa wa Mbeya. Siyo sisi. Nenda Mbeya." Nikamwambia mwanangu, mwaka 2014 Songwe ilikuwa mto na uwanja wa ndege, na huo uwanja wenyewe mpaka leo uko Mbeya. Hakucheka. Akaita, "Anayefuata."

Ofisi ya pili. Huyu kaka alinisikiliza, nampa haki yake. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Akabonyeza Mbeya, ikateremka orodha ya wilaya, Momba haimo. "Unaona mama? Nikichagua Mbeya kijiji chenu hakitokei. Rudi mlikozikia." Nikamwambia nimetoka huko. Akasema basi kaandikiwe barua nyingine inayoeleza kwamba zamani kijiji kilikuwa Mbeya na sasa kiko Songwe.

Yaani serikali ndiyo iliyogawa mkoa. Serikali ndiyo iliyochapisha kwenye Gazeti la Serikali. Halafu anayetakiwa kuithibitishia serikali kwamba mkoa uligawanywa ni mimi, muuza mchele, kwa barua ya mkono yenye mhuri nusu.

Nilirudi kijijini. Mtendaji akaandika. Safari hii nilibeba kidau kipya cha wino kutoka stesheneri ya hapa mjini, shilingi elfu nne, nikawaachia kama mchango wangu kwa maendeleo ya kijiji.

Ofisi ya tatu ndiko nilikolia, na nililia mbele za watu. Walinitaka mleta taarifa za kifo awe ndugu wa marehemu. Nikasema ni mimi, dada yake, tumbo moja. Wakaomba kitambulisho changu. Yule baba akaangalia kitambulisho, akaangalia kibali, akaangalia kitambulisho tena. "Majina hayafanani. Marehemu anaanza na Si, wewe unaanza na Na. Wewe siyo ndugu yake."

Kwa wasiotujua: sisi ni Wanyamwanga. Kwetu jina la ukoo la mwanaume linaanza na Si, la mwanamke linaanza na Na. Baba akiwa Si-fulani, mtoto wa kiume ni Si-fulani, wa kike ni Na-fulani. Ni ukoo mmoja. Hata mtoto wa chekechea wa Tunduma anajua. Yule baba hajui, na siyo kosa lake kutojua, nchi ni kubwa na watumishi wanatoka kila kona. Kosa lake ni kwamba nilipomweleza alitabasamu kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura na fisi, akaniambia nilete kiapo cha wakili kwamba Si na Na ni jina moja. Nikasimama pale kwenye korido nimeshika bahasha, machozi yanatoka. Mtu umemuuguza kaka yako, umemuogesha, halafu unaambiwa na herufi mbili kwamba hukuwa ndugu yake.

Kiapo kwa wakili elfu ishirini. Nilipokipeleka, yule baba alikuwa likizo. Aliyekaimu akasema kiapo siyo lazima, angenielewa tu, yeye ameoa Tunduma! Ila akagundua barua ya kwanza ya mtendaji mhuri hausomeki.

Sasa nije kwenye hasira yenyewe. Kila siku tunasikia viongozi wakisema mifumo ya serikali isomane, yaani ofisi moja ione taarifa zilizoko ofisi nyingine. Nimesikia sana, nikapiga makofi. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Mwaka 2020 tulipangwa foleni kusajili laini kwa alama za vidole la sivyo zinafungwa. Nikaweka kidole kwenye kile kidude cha wakala chini ya mwavuli, pembeni ya barabara, na jina langu lote likatokea. Kijana mwenye fulana ya kampuni ya simu ananijua mimi ni nani kwa sekunde kadhaa. Lakini nikiingia ofisi ya serikali, yenye kiyoyozi na picha ya Rais ukutani, naambiwa niache kopi mbili za kitambulisho, kopi ya barua, kopi ya cheti cha kijana na picha mbili za pasipoti. Nikienda ofisi inayofuata, ukuta wa pili tu, wanataka kopi zilezile. Nikisema nimeacha kwa wenzenu hapo, naambiwa "ile ni idara nyingine mama".

Mfumo unaosomana ni mimi. Mimi ndiye waya unaounganisha idara na idara, na umeme wangu ni nauli ya Kosta. Nimekuwa tarishi wa serikali, tena tarishi asiyelipwa ambaye akichelewa anafokewa. Nimeandika kwenye daftari la madeni ya wateja, nyuma: safari sita, kopi ambazo nimeacha kuzihesabu, siku tisa za kibanda kufungwa. Wateja wangu wawili wa mchele wa Kyela wamehamia kwa jirani, na jirani ananisalimia kwa adabu mpya.

Na linaloniuma zaidi, utaratibu rahisi tunaujua, tena ulianzia hapahapa kwetu. Mwaka 2013 usajili wa watoto chini ya miaka mitano kwa njia ya simu ulianzia Mkoa wa Mbeya, na sisi tulikuwa bado Mbeya. Mdogo wake huyu kijana ni wa 2010. Wifi alipata cheti chake bure, bila barua, bila wakili, bila mhuri wa kuhemewa, akarudi nyumbani na mtoto mgongoni na cheti mkononi. Huyu mkubwa alikuwa na miaka saba, akapitwa. Kwa hiyo inawezekana! Wakitaka, wanaweza kumfuata mtu alipo.

NYONGEZA: naona mmechangia, najibu kwa pamoja kwa sababu bando linaisha.

Mkuu uliyesema "toa ya soda mambo yaende": nimekusikia, na sitajifanya malaika, maana miaka ya nyuma niliwahi kutoa elfu kumi kwa jambo jingine kabisa na likaisha siku hiyohiyo. Safari hii hakuna aliyeniomba hata senti. Ndiyo maana nimechanganyikiwa. Mla rushwa unamjua anataka nini. Hawa ni watu waungwana, wananiita mama, wananipa kiti, kisha wananirudisha nyumbani.

Uliyesema kila kitu siku hizi kiko mtandaoni, fungua tu akaunti uombe: asante, akaunti ninayo, kijana ndiye aliyenifungulia. Inafika mahali inakudai "ambatisha barua ya mtendaji". Barua ya mtendaji haiko mtandaoni, iko kwenye droo kijijini, na droo ina ufunguo, na ufunguo uko kikao cha kata.

Uliyesema Wanyamwanga tubadilishe tu utaratibu wa majina ili tusisumbue ofisi: wewe nakuacha hivyohivyo.

Dada wa Vwawa uliyesema ulisajili kifo cha mama yako cha mwaka 2013 na kikakubaliwa, tafadhali rudi kwenye uzi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kwenye fomu, pale penye "mkoa alikofia", uliandika Mbeya au Songwe? Na walikudai barua ya kueleza mgawanyo wa mkoa, au walikuelewa tu? Kama una picha ya fomu yenyewe, funika majina, nitumie inboksi.

Dirisha la maombi halitusubiri na kijana ameshalipa elfu 30 ya maombi kwa pesa aliyobeba tofali. Jumanne napanda tena Kosta ya kwanza. Nimeshatoa kopi ya kila kitu mara nne, barua mpya ina mhuri mzima wa mduara, na kiapo cha Si na Na nimekiweka juu kabisa.