Mjadala: Je, Keya waliofia ng'ambo wasomwe majina yao Siku ya Mashujaa?

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa hapa Tanzania, mkuki na ngao vinapowekwa kwenye mnara wa mashujaa na viongozi wa dini wanapoomba dua, huzuka swali lile lile: je, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki) waliokufa ng'ambo chini ya bendera ya Mwingereza wana haki ya kutajwa siku hiyo? Wako wanaosema kwamba shujaa ni aliyeitetea nchi yake, na hawa waliutetea ufalme wa wengine. Wako wanaojibu kwamba waliorudi kutoka Burma (Myanmar ya leo) baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja na mwamko wa kudai uhuru, kwa hiyo Keya wote wahesabiwe miongoni mwa wakombozi. Naona pande zote mbili zinapima askari huyu alitufaa nini, kabla ya kuuliza alikuwa mtu wa nani.

Nichukue mfano wa watu ambao hawakurudi na mwamko wowote. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa kwenye vita dhidi ya Wajapani. Alasiri ya tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, wakati baadhi ya abiria wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli hiyo kwa topido, ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Yaliyofuata ni mazito zaidi kuyasimulia: manowari za Kiingereza zilizousindikiza msafara ziliisaka nyambizi kwa mabomu ya majini palepale manusura walipokuwa wakielea, kwa kuwa adui alikuwa amejificha chini yao. Walikufa watu 1,297. Wapiga mizinga hao hawakufika Burma, hawakushinda pigano lolote, wala hawakupata siku ya kusimama kwenye mkutano wa siasa. Tukisema askari akumbukwe kwa sababu ya mchango wake katika uhuru, hawa tumewafungia mlango.

Katika ukoo wetu yuko ndugu wa babu aliyekwenda na batalioni ya 36 ya Keya, akafia bonde la Kabaw huko Burma mwaka huo huo wa 1944. Tunalojua ni kwamba mkewe alikaa muda mrefu bila kujua kama aanze eda au aendelee kungoja, na kwamba wazee waliogopa kuligawa shamba la mtu ambaye hawakumzika. Mambo ya namna hii hayamo katika hotuba za pande zote mbili, ingawa kwa familia hizo vita vilikuwa hivyo hasa.

Hoja nzito zaidi, nayo naiheshimu, ni kwamba jeshi hilo hilo la Keya lilitumiwa kuwapiga Waafrika wenzetu, kama ilivyotokea Kenya wakati wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Ni kweli, na ndiyo sababu siombi Keya apewe heshima ya mpigania uhuru. Lakini wapo waliojiandikisha kwa sababu ya mshahara na kodi ya kichwa iliyowasubiri nyumbani, na wapo waliochukuliwa kwa sheria ya utumishi wa lazima iliyotumika Tanganyika tangu 1940. Mtu wa namna hiyo hakuulizwa vita ni vya haki au la.

Tusidhani kwamba majina yote yamepotea. Askari wa Khedive Ismail wameandikwa kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi, na orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iko wazi kwa yeyote kuitafuta. Waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ndio waliodhulumiwa zaidi: sanamu ya shaba ya askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, haina jina hata moja, na mwaka 2021 tume hiyo iliomba radhi baada ya kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Ninapendekeza kila wilaya ibandike orodha ya watu wake, na tarehe 25 Julai, shughuli kuu ikishakwisha, majina hayo yasomwe bila cheo cha ushujaa, kisha iombwe dua. Wanaopinga, naomba mtueleze iwapo pingamizi lenu ni juu ya heshima ya ushujaa au juu ya majina yenyewe kusomwa. Kama ni la kwanza, tumekwisha kukubaliana. Kama ni la pili, semeni yasomewe wapi.