PSI 150 kwenye boksi, tairi la tatu halijai

Wakuu, naandika huu uzi nikiwa bado na hasira, mwenye roho nyepesi apite mbali.

Jumamosi nimekaa pembeni ya lami saa nzima na dakika kumi nikijaza upepo matairi manne. Manne tu, na si ya lori. Kompresa ninayo, imefungwa humo humo kwenye gari, ilikuja na boksi zuri, ina stika ubavuni na swichi yenye taa ya bluu kwenye dashibodi. Inang'aa kweli kweli. Kujaza upepo ndiko kunakoishinda.

Mnaoingia mchangani mnajua utaratibu. Unatoa upepo mpaka presha ya PSI 15 hivi, tairi linalala, linakanyaga eneo kubwa, gari linaelea badala ya kujichimbia shimo. Ukifika lami unarudisha 35, maana kukimbia lami na 15 ni kuua tairi: ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka, na siku ukipasuka haukuulizi uko kona gani. Ndiyo maana kompresa kwangu si urembo. Usipokuwa na uhakika wa kurudisha upepo hutathubutu kuutoa, na usipoutoa utashinda na koleo.

Sasa sikieni. Tairi la kwanza dakika nne na nusu. La pili dakika sita. La tatu likafika nusu, kompresa ikanyamaza. Nikadhani fyuzi. Fyuzi nzima. Nikagusa kichwa cha kompresa, nusura niache ngozi pale. Kumbe ilijizima yenyewe kwa joto. Nikasubiri dakika 25 juani, ikawaka, ikapiga dakika tatu, ikazima tena. Nikasubiri tena.

Jumatatu nimerudi kwa muuzaji. Jibu lake: "Bosi, hii ni PSI 150, tairi lako linataka 35 tu. Labda unaitumia vibaya." Hapo ndipo damu ilipopanda.

Hiyo PSI 150 ni kitu gani? Ni mwisho wa presha ambayo mashine inaweza kusukuma kabla haijashindwa. Haisemi itachukua muda gani kufika huko. Pampu ya mkono ya baiskeli inafika PSI 100, na matairi membamba ya baiskeli za mbio yanajazwa nayo kila siku. Basi nunueni pampu ya baiskeli mfunge kwenye Land Cruiser, si presha ipo? Tairi la gari halina shida ya presha. Lina shida ya wingi wa hewa.

Nilikaa na kalamu usiku huo (mke wangu alidhani napiga hesabu za ada). Tairi langu ni 285/70R17, ndani linabeba hewa kama lita 80. Kulipandisha kutoka 15 hadi 35 ni PSI 20, na kila PSI 14.7 ni sawa na kuliingizia tena ujazo wake mzima wa hewa ya kawaida. Kwa hiyo linataka kama lita 109, na manne ni lita 436. Boksi linasema lita 72 kwa dakika. Kwa hesabu ya boksi, tairi moja ni dakika moja na nusu. Yangu ilitumia nne na nusu, yaani ilikuwa inatoa lita 24. Theluthi! Nimenunua kompresa moja nikapewa theluthi yake.

Lita 72 zilitoka wapi? Zilipimwa kwenye presha sifuri, mpira ukipuliza hewani bila kuunganishwa na kitu chochote. Nani hapa anajaza upepo hewani? Presha ikipanda, kila pigo la pistoni linasukuma hewa pungufu kuliko lile lililopita, hilo halikwepeki kwa kompresa yoyote ya pistoni. Lakini muuzaji mwenye haya anakuandikia na lita kwenye PSI 30, ambapo ndipo kazi ilipo. Asipoandika, jua kuna sababu.

Halafu kuna suala la mapumziko, lile limefichwa kwenye kijitabu, ukurasa wa mwisho, herufi za kutafutia miwani. Asilimia 33. Maana yake ifanye kazi dakika 10, ipumzike 20. Matairi yangu manne kwa spidi ya tairi la kwanza ni dakika 18. Yaani kwa maandishi yao wenyewe, mashine waliyoniuzia kwa ajili ya gari la porini haiwezi kujaza matairi manne ya gari la porini bila kulala katikati! Na boksi limechorwa gari likipanda mwamba.

Haya, fundi naye. Huyu nusu ya lawama ni yake, na robo ni yangu kwa kumwachia gari nikaenda zangu. Kompresa yenyewe inakula ampea 30. Kaivutia waya wa milimita mraba 2.5, mita nne kwenda na mita nne kurudi, akachomeka fyuzi ya 40. Waya mwembamba, fyuzi nono, yaani siku kukitokea hitilafu waya ndio utakaoungua kuilinda fyuzi. Nilipima injini ikiwaka: kwenye betri volti 13.7, kwenye mota 11.8. Karibu volti mbili zimeishia njiani zikipasha waya joto. Mota ikikosa volti inazunguka polepole, inafanya kazi muda mrefu zaidi, inachemka zaidi. Na ameifunga wapi? Chini ya boneti, shibiri moja kutoka kwenye ekzosi. Kabla hata sijaiwasha ilikuwa imeshaiva nusu. Kichujio chake kinavuta hewa ya hapo hapo, ya moto na nyepesi, kwa hiyo kila pigo linaanza na hewa pungufu. Ule mpira wa plastiki aliounganisha moja kwa moja kwenye kichwa umelainika kama utambi. Kipande cha kwanza kilitakiwa kiwe mpira uliosukwa kwa waya wa chuma, maana hewa inatoka pale ikiwa na moto.

Jumatano nimeirudia kazi mwenyewe. Waya wa milimita mraba 10, fyuzi karibu na betri, relei (swichi ya kubeba umeme mkubwa), kompresa nimeihamishia nyuma ya kiti. Tairi sasa ni dakika tatu na nusu. Afadhali, ila bado ni lita 31, haijafika hata nusu ya maneno ya boksi. Kwa hiyo msije mkaniambia tatizo lilikuwa waya peke yake.

Eti na geji iliyo kwenye mpira! Ilinisomea 35 nikafunga valvu kwa furaha. Nikapima kwa geji ya mkono: 29. Wakati kompresa inasukuma, geji ile inasoma presha ya ndani ya mpira, si ya tairi. Ukitaka ukweli zima kwanza, ndio usome. Mahali popote haijaandikwa.

Sasa nije kwenu, wadau wa "yangu nina mwaka wa sita haijawahi kunisumbua". Nilinunua kwa ushauri wenu. Nimewauliza wawili inbox, wote wanaitumia kufunga difu (yaani gia za ekseli, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja). Kufunga difu! Kile kifaa kinataka PSI 100 hivi lakini hewa yenyewe ni kidogo sana, kompresa inapiga sekunde chache inazima. Kwa kazi hiyo kompresa ndogo inatosha kabisa, na hapo ndipo pekee PSI ya kwenye boksi ina maana. Mtu hajawahi kujaza hata tairi moja toka 15 ananishauri kompresa ya matairi. Mngesema tu.

Na yule aliyeniambia niongeze tangi la lita nne "litasaidia", nimelipigia hesabu pia. Likiwa limejaa PSI 120 na ukalishusha mpaka 35, linatoa lita 23 za hewa. Moja ya tano ya tairi moja. Linafaa kwa honi, au kwa kupuliza vumbi kwenye kichujio. Baada ya hapo unairudia kompresa ile ile iliyochoka.

Najua kuna za silinda mbili, na najua zinakula ampea 50 hadi 60, kwa hiyo waya, relei na fyuzi vyote ni upya. Najua pia kuna wanaogeuza kompresa ya AC izungushwe na mkanda wa injini. Hewa inatoa nyingi kweli, lakini inataka ilainishwe, na mafuta yanaishia kwenye mpira na ndani ya tairi. Sitaki.

Hesabu yangu ni lita 60 kwa dakika kwenye PSI 30, si kwenye sifuri. Hapo tairi ni chini ya dakika mbili, manne ni kama dakika nane, hata yenye sheria ya kumi kwa ishirini inamaliza kabla haijalala.

Kwa hiyo aliye na kompresa iliyofungwa kwenye gari, naomba ashike saa. Aseme saizi ya tairi, dakika ngapi toka 15 hadi 35, unene wa waya, imefungwa wapi, na tairi la nne lilichukua muda gani. La nne hasa, maana la kwanza hata yangu inajaza. Wa "iko poa mkuu" apite kimya kimya, na wa PSI 150 asiniguse.