Mbabula ya makala mu chumba usiku, iko hatari kweli ao batu banatutisha tu?

Mama_Ndosho: Jambo ba ndugu. Mi niko Goma, tunalala mu chumba moja, mvua ikinyesha napikiaka maharagi ndani na nikimaliza naachaka mbabula na moto yake pembeni ya kitanda ju ya baridi. Makala ikishashika muzuri haina tena moshi, si iko salama? Lakini asubui naamukaka na kichwa inauma sana, na mutoto wa miezi 9 anakohoa tangu juma mbili. Bwana yangu anasema ni malaria.

Infirmier_wa_Katindo: Dada, toa iyo mbabula inje leo leo! Makala yenye haina moshi njo inadanganyaka batu. Inatosha gazi ya sumu, monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, haiume macho, inaingia mu damu na kukamata fasi ya oksijeni. Jiulize tu: ukitoka inje kichwa inapunguka? Malaria haipunguke ju umepiga hewa. Na mutu mwenye amelala haisikie ile sumu, anaweza asiamuke. Mutoto umupeleke kituo cha afya, na kama anapumua mbio ao kifua inaingia ndani, usingoje kesho.

Kijana_wa_Birere: Kumbe ni kama mazuku? Basi ainue kitanda.

Infirmier_wa_Katindo: Hapana ndugu, mazuku ni gazi ingine, ni dioksidi ya kaboni inatoka mu udongo ya volkano, iko nzito njo maana inajaa mu mashimo. Ya mbabula inachanganyika na hewa ya chumba nzima, kitanda ya juu haisaidie kitu.

Yaya_Kadutu: Mi sikatae, OMS, shirika ya afya ya dunia, inasema moshi ya kupikia iliua batu milioni 3.2 mwaka wa 2020. Lakini batu ba gazi basituuzie dawa! Batafiti walijaribu kwa bamama 3,200 hivi ba mimba mu Rwanda, India, Peru na Guatemala, wakabapa gazi ya kupikia, moshi ikapunguka sana, na bado uzito ya batoto benye kuzaliwa haikubadilika, nimonia kali nayo haikupunguka. Matokeo ya ile utafiti ilitoka 2022 na 2024.

Infirmier_wa_Katindo: Ni kweli yaya, ata mi ilinishangaza. Lakini ile walipima mambo ya miezi na miezi, ya huyu dada ni sumu ya usiku moja.

Mama_Ndosho: Nimeitosha, bwana amenuna ju ya baridi. Sasa dirisha nifungue namna gani na bezi banaingizaka mukono?

Yaya_Kadutu: Pikia chini ya mabati inje, mbabula isiingie tena. Na blanketi ya pili, amuulize huyo bwana.