Barabara ya Kusini (Dar–Lindi–Mtwara) inakatika Somanga, sisi tunalala njiani na mali inaoza

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Leo naandika.

Nafanya biashara ya pweza. Nanunua Kilwa, napanga kwenye madeli na barafu, nashusha soko la samaki la Feri, Dar. Kazi yote inasimamia kitu kimoja: gari likitoka Nangurukuru jioni, alfajiri liwe limeingia Mbagala. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga, tulifika Somanga, kati ya Nangurukuru na Mto Rufiji, tukakuta barabara haipo. Kipande cha lami kinaning'inia hewani, tuta chini yake limezolewa lote, kalvati limelala ubavu kwenye maji mekundu. Ng'ambo tunayaona mabasi yaliyotoka Dar, abiria wamejikunyata pembeni. Kwenye gari letu alikuwamo mama mwenye mtoto wa rufaa, usiku kucha anauliza, "Kaka, patapitika saa ngapi?" Nimjibu nini?

Siku ya pili barafu ikawa maji. Siku ya tatu nilimwaga pweza porini, deli moja baada ya jingine, na hela ya mtaji ilikuwa ya kukopa.

Watu wa Lindi na Mtwara hatujaanza jana kulala njiani. Kabla ya 2003 tulikuwa tunavuka Rufiji kwa pantoni. Mto ukifura, pantoni inasimama, foleni ya malori inarudi nyuma huko. Likaja Daraja la Mkapa, mita 970, tukashangilia kweli. Lakini ukishuka darajani kwenda kusini kulikuwa na kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga, vumbi kiangazi, tope masika. Aliyesafiri miaka ile anaijua Muhoro: konda anagonga bodi, "Wanaume wote chini!", mnasukuma basi mpaka magotini tope, kisha mnapanda hivyo hivyo. Lami ya kipande hicho ilikamilika zaidi ya miaka kumi baada ya daraja. Zaidi ya miaka kumi kwa kilomita 60!

Tukasema basi, shida imekwisha. Haikwisha. Aprili 2025 mvua zikaikata tena, Somanga hapo hapo.

Mimi si injinia, ila nimesimama pale siku tatu na macho ninayo. Maji yanashuka kutoka bara kwenda baharini, na barabara imekaa katikati kama ukuta. Matundu ya kalvati ni madogo. Maji yanajaa upande wa juu, yanatafuta pa kupita, yanaanza kula tuta kwa chini, mwishowe linaondoka. Halafu wanaleta mawe na vifusi, wanajaza, magari yanapita, wahusika wanapiga picha na kuondoka. Tunarudi kusubiri masika mengine.

Ikikatika hapo, njia nyingine ya lami ya kufika Dar ni kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,500, wakati ya pwani haifiki 600. Nani ana nauli hiyo? Mkulima wa Nachingwea anayepeleka mgonjwa ataipata wapi? Gesi ya Mtwara tangu 2015 inafika Dar kwa bomba, mvua inyeshe isinyeshe. Korosho zetu kila msimu zinaingizia taifa fedha za kigeni. Sisi wenyewe tunakwama kwenye kalvati!

Ninachodai kinaeleweka. Pale panapokatika kila mara pawekwe madaraja yenye upana wa kupitisha maji yote, tuta liinuliwe, na kazi iishe kabla ya masika. Malori yaliyozidisha uzito yashushwe mzigo pale pale mizani bila kuangaliana usoni. Na barabara ikifungwa, abiria watangaziwe wakiwa bado stendi, wasikatiwe tiketi kwenda kulala porini na watoto.

Wadau wa Kusini, mwenye picha za Somanga za 2024 na 2025 aziweke hapa, aandike tarehe na siku alizokaa. Mimi naanza: siku tatu, madeli sita.