Msaada: kugeuza mlinganyo uwe y = mx + c, nakosea wapi?

Daftari_Jipya: Habari wakuu. Nimerudi kusoma hesabu ukubwani na nimekwama kwenye milinganyo ya mistari. Swali lilikuwa 3x − 2y = 8, liandikwe kwa umbo la y = mx + c. Nimefanya hivi:

−2y = −3x + 8
y = (3/2)x + 8

Majibu ya nyuma ya kitabu yana −4 mwishoni, siyo 8. Nimerudia mara tatu, napata kile kile. Naombeni mnionyeshe kosa lilipo, jibu ninalo tayari.

Rula30: Mkuu, hatua ya kwanza uko sahihi kabisa. Ulipogawanya kwa −2 uligawa −3x peke yake, 8 ukaiacha. Upande wote wa kulia unagawanywa. Kabla ya kurahisisha, andika y = (−3x + 8)/(−2). Ukiiona 8 imekaa juu ya −2 huwezi kuisahau.

Kipeo: Njia ya mkato: ukiwa na Ax + By = C, mteremko (ile m) ni −A/B, na c ni C/B. Umemaliza.

Rula30: Ni kweli, lakini kwa anayeanza siishauri. Mpe 4y = x + 12, atachukua A = 1 bila kuivusha x, apate mteremko −1/4 badala ya 1/4. Azoee kwanza kuiacha y peke yake.

MwalimuMstaafu: Mwanangu, usingoje kitabu kikuambie umekosea. Rudi kwenye mlinganyo wa mwanzo, weka x = 0: −2y = 8, kwa hiyo y = −4. Hapo ndipo mstari unapokata mhimili wa y, na hiyo ndiyo c. Kisha jaribu x = 2. Wa mwanzo unakupa 6 − 2y = 8, yaani y = −1; mpya, y = (3/2)x − 4, nao 3 − 4 = −1. Nukta mbili zikikubaliana, mstari ni ule ule.

Daftari_Jipya: Shikamoo mwalimu, asanteni wote. Nimejaribu 2(y − 1) = 6 − x, nikapata y = −(1/2)x + 4. Nimeweka x = 0 kote kuwili, y ikatoka 4. Nimefurahi sana! Sasa kuna x = 5, hiyo y siioni kabisa.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Hiyo haigeuki, mwanangu. Ni mstari uliosimama wima: y inapanda na kushuka, x haisogei, na kutafuta mteremko wake ni kugawa kwa sifuri. Iache x = 5 hivyo hivyo.